Mota ya tredmili (ile mashine ya kukimbilia mazoezi) au mota ya kawaida kwa mashine ya kukereza?
Mi nachagua ya tredmili, maana unazungusha kitasa tu spidi inapanda taratibu, hakuna mambo ya kuhamisha belti kwenye puli kila saa. Ila zile HP 2.5 (nguvu za farasi) za kwenye lebo usizitegemee sana, ukishusha spidi nguvu nayo inapungua, brashi (vile vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme ndani ya mota) zinaisha, na feni inavuta chenga za chuma ndani so ifunike. Halafu cheki lile gurudumu zito la kwenye shafti ya mota, mara nyingi limekazwa kwa nyuzi kama za skrubu, ukizungusha mota kinyume linaweza kufunguka lenyewe, hatari sana! Mota ya kawaida ya AC, ile ya raundi kama 1,450 kwa dakika, inadumu miaka lakini spidi ni moja, kwa jiwe la kunolea inatosha kabisa. Na bodi ya tredmili, ile saketi inayoongoza spidi, usiiguse ikiwa kwenye umeme, hata waya za kitasa zinaweza kukupiga shoti.