Lensi ya makro, 60 au 100? Nimepima kwa rula

Haya wadau, mambo vipi! Leo ni lensi za makro, zile za kupigia picha vidude vidogo kwa karibu: ya milimita 60 au ya 100? Nipo kihambani kwa bibi, shamba la nyumbani, Kibosho, Moshi. Hizo kelele ni za kuku, mtanivumilia, maiki mpya bado haijafika. Uwiano wa 1:1, yaani kitu kutua ndani ya kamera kwa ukubwa wake halisi, na mambo yake mnayajua, naruka. Mimi nina hasira na kitu kimoja tu.

Nilinunua lensi ya milimita 60, mtumba. Boksi limeandikwa inafokasi kuanzia sentimita 20. Nikasema safi, nyuki hata hatashtuka. Sasa tazameni. Hapa juu ya kamera mnaona kaduara kenye mstari katikati? Hapo ndipo sensa ilipo, kile kibamba kinachopokea picha, na hizo 20 zinahesabiwa kuanzia hapo, siyo kwenye kioo cha mbele! Naweka rula. Kamera imekula zake, mwili wa lensi umekula zake, kutoka kioo hadi ua la kahawa zimebaki tisa. Tisa, jamani! Nasogea, nasogea, fokasi imeshika... na ua limekuwa jeusi. Kivuli cha lensi hicho. Nyuki? Kashaondoka kitambo.

Nafunga ya 100, hii nimeazima. Imeandikwa 30. Rula inasema kumi na tatu na ushee. Mtaniambia sentimita nne kitu gani? Ngojeni... huyo, karudi! Anajilia zake, hana habari. Mwanga unapita pembeni mpaka petali zinang'aa. Ona mguu wa nyuma, lile donge la njano ni chavua. Halafu vueni ile hudi, kile kikingio cha mwanga kinachochomoza mbele ya lensi, inakula nafasi bure.

Msizungushe ringi ya fokasi, mtachanganyikiwa. Yumbeni mwili taratibu mbele na nyuma, maana ukiwa 1:1, hata ukibana tundu la lensi hadi f/8, kinachotoka kikali ni kama milimita moja tu.

Najua mashabiki wa lensi ya Tamron 90 mnakuja. Sawa, ukoo wa zamani huo, tangu 1979, na ningeipata kwa bei nzuri ningeichukua. Ile Canon 100 ya 2009 ina kutuliza mtikiso, ila ukikaribia sana msaada unapungua, na mpya bei yake inataka kufukuzana na bodaboda. Mwenye mfuko mwembamba anunue tyubu za kurefusha, hazina kioo ndani, anazibana kati ya kamera na lensi aliyonayo, ifokasi kwa karibu zaidi.

Sasa nijipinge kidogo. Kaka yangu mmoja anauza tanzanaiti Arusha, anayapiga picha mawe yake mezani, taa pembeni mbili. Jiwe haliruki! Kwake 60 inatosha kabisa, na ni nyepesi. Kumbe ninayemlaumu ni nyuki.

Ijumaa nakuja na kinyonga, yupo pale kwenye masale, ile mimea ya uzio, ila... aah, mlima umeshajifunika. Bibi anaanua nguo. Sabskraibuni haraka, naingiza kamera ndani!