Ukuta gani wa kukwea ujiunge nao ukiwa London

Kabla ya kulipa hata pauni moja, amua: unataka kamba au hutaki? London ina kuta nyingi za kukwea za ndani, na kati ya zilizofunguliwa miaka ya karibuni nyingi ni za kukwea bila kamba, yaani boldaringi. Ukuta wa namna hiyo huwa wa mita nne au nne na nusu, chini pametandikwa godoro nene kutoka pembe hadi pembe, na mkono ukikuteleza unaangukia hapo. Unahitaji viatu na chaki tu, na unaweza kwenda peke yako. Ukuta wa kamba ni mrefu zaidi. Unavaa mkanda wa kiunoni na mapajani, unajifunga kamba, na mtu mwingine anasimama chini akikushikia.

Wengi huanza bila kamba kwa kuwa ndiyo njia nyepesi. Mimi huwashauri waliohamia jiji hili juzi waanze na kamba. Hapa London unaweza kumaliza mwezi mzima bila mtu kukuuliza umeshindaje. Kwenye kamba haiwezekani. Hujanyanyua hata mguu, mwenzako anashika fundo lako, lile lenye umbo la tarakimu 8, analifuata kwa kidole mzunguko kwa mzunguko, analivuta. Nawe unashika karabina yake, ile pete ya chuma inayofunguka ya kuunganishia kamba, na kuibinya uone kama imefungwa sawasawa, kisha unaangalia kamba imepita vipi kwenye kifaa chake cha kuizuia. Mnafanya hivyo kila mara, hata mkiwa mmekwea pamoja miaka kumi. Mtu aliyekagua fundo lako mara kumi na tano jioni moja hawi mgeni kwako tena. Marafiki zangu wawili wa karibu zaidi hapa London niliwapata hivyo.

Kwa hiyo ninavyozipanga kuta hizi, nauliza kwanza kama mtu asiyejua kitu wala mtu atapata wa kumshikia kamba. Kwa kipimo hicho, wa kwanza kwangu ni The Castle, ulioko Green Lanes, Stoke Newington, mwendo mfupi kwa miguu kutoka stesheni ya Manor House.

Jengo lenyewe lina kisa. Baada ya kipindupindu kuwaua watu wengi London katikati ya karne ya 19, Bunge lilipitisha sheria ya maji mwaka 1852, na kampuni ya New River ikajenga hapa kituo cha kusukuma maji. Wakazi wa jirani hawakutaka kiwanda machoni pao, basi mhandisi William Chadwell Mylne akakivisha sura ya ngome ya Uskoti. Minara unayoiona ilikuwa na kazi: mmoja ulificha bomba la moshi, mwingine bomba la maji, wa tatu ngazi za kuzunguka za kupandia darini. Tangu mwaka 1995 ndani yake wamekuwa wakikwea watu. Unapita kutoka chumba hadi chumba, orofa hadi orofa, na mara yako ya kwanza utapotea ukitafuta choo. Nyuma kuna bustani, na mboga zake hupikwa kwenye mkahawa wao.

Ila siupi nafasi ya kwanza kwa uzuri wa jengo. Nauweka mbele kwa sababu una kila kitu: kamba za juu ambazo tayari zimening'inizwa, kuta za kupanda huku ukichomeka kamba mwenyewe, kamba za mashine zinazojivuta zenyewe, na vyumba vya bila kamba. Asiyejua chochote anachukua kozi ya wanaoanza, anajifunza kufunga fundo na kushika kamba, na anamaliza akiwafahamu wenzake wa darasa. Mkitoka kwenye kozi, msitawanyike. Pangeni siku moja ya wiki muwe mnakutana. Ubaya wake ni jioni za siku za kazi, kuanzia saa kumi na mbili, watu wanapojaa na unalazimika kungoja kamba. Mwenye zamu za usiku, kama wauguzi wengi wa kwetu, anafaidi zaidi: aende asubuhi, kiingilio huwa nafuu na kuta ni tupu.

Wa pili ni Mile End, mashariki, kando ya bustani ya Mile End na mfereji wa Regent's Canal. Ni ukuta mkongwe, wa tangu miaka ya 1980, ndani ya kiwanda cha zamani. Usitegemee taa za kupendeza wala kahawa ya kupambwa. Kuna chumba kinaitwa Monkey House ambacho dari lake limeinama hadi unajikuta unaning'inia mgongo ukitazama chini, na hapo utawaona watu wa makamo, vidole vimekakamaa kama mizizi, wakiwaelekeza vijana pa kuweka kisigino. Hawakujui, lakini ukikaa dakika tano unatazama kwa makini, mmoja atakuonyesha. Ni tabia hiyo iliyonifanya niuweke juu ya kuta zenye sura nzuri kuliko wake. Kwa anayeishi Newham, Tower Hamlets au Hackney, huenda ukamfaa kuliko hata The Castle, maana safari ya saa nzima kwenda na saa nzima kurudi itakushinda mwezi wa pili tu, hasa Januari jua likizama kabla hujatoka kazini.

Wa tatu ni VauxWall, chini ya matao ya reli karibu na stesheni ya Vauxhall. Hauna kamba. Nauweka hapa kwa sababu ya pesa: wenyewe wana kuta nyingine pia, kama HarroWall kule Harrow na CroyWall kule Croydon, na uanachama wao unakufungulia zaidi ya mlango mmoja. Kwa mtu anayefanya kazi mjini na kulala Croydon, hilo ni jambo kubwa.

Westway, karibu na Latimer Road, upo chini ya ile barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 1970. Una kuta ndefu za kamba, na anayeishi magharibi ya jiji asihangaike kuvuka mji. Yonder, kule Walthamstow karibu na Blackhorse Road, ni wa bila kamba na una meza za kufanyia kazi. Mwanafunzi mwenye kompyuta atashinda hapo siku nzima. Ni pazuri, ila naona watu wengi huko wamevaa visikizi masikioni.

Sasa namna ya kukagua ukuta kabla ya kujiunga, uwe wowote. Lipa kiingilio cha siku moja, na dakika kumi za mwanzo usikwee. Tazama magodoro. Mwaka wangu wa kwanza, katika ukuta mmoja ambao sitautaja, niliruka kutoka kishikio cha mwisho nikatua juu ya chupa ya maji ya chuma iliyoachwa na mtu. Kifundo cha mguu kilivimba kama embe, na nilikaa wiki sita bila kukwea. Wafanyakazi walikuwa kaunta wakiongea. Tangu hapo natafuta kwanza mfanyakazi anayezunguka, anayeokota vitu godoroni na kumwambia mtu, "samahani, umesimama chini ya mwenzako." Nisipomwona, sirudi.

Tazama pia wanavyokupokea. Ukuta makini wa kamba utakutaka ufunge fundo na ushike kamba mbele yao kabla hawajakuruhusu uwe peke yako. Wasikukere. Wala usiruke ile fomu unayopewa kusaini: maneno yake, yanayotoka kwa baraza la wapanda milima la Uingereza, BMC, yanasema wazi kuwa mchezo huu una hatari ya kuumia au kufa. Yasome.

Kuhusu kamba za mashine, zile zinazojivuta zenyewe juu kadiri unavyopanda: ni msaada mkubwa kwa asiye na mwenza, na kifaa chenyewe ni cha kutegemewa. Ajali hutokea mtu anaposahau kujiunga nayo. Anapumzika, anapiga gumzo, anarudi ukutani, anapanda hadi juu, anaachia mikono, na kamba imebaki imefungwa chini. Kwa hiyo kuta nzuri huweka turubai la pembetatu mbele ya kila njia, ambalo huwezi kulipita bila kufungua ile karabina. Pasipo na turubai hilo, mimi sipandi.

Kwa dada na mama zetu wanaovaa hijabu: vaeni ile ya kuvuta inayobana, na ncha zake zichomekwe ndani ya fulana. Kitambaa kirefu, kama nywele ndefu, kinaweza kunaswa kwenye kifaa cha kamba. Pete zote zivuliwe zibaki nyumbani, hata ya ndoa. Baadhi ya kuta huweka saa za wanawake peke yao. Ulizeni kaunta, maana ratiba hubadilika. Mwenye watoto aulize umri unaoruhusiwa na idadi ya watoto ambao mtu mzima mmoja anaweza kuwaangalia, kabla ya kuwatoa nyumbani. Mpwa wangu wa miaka saba aliwahi kulia mlangoni kwa sababu sikuuliza.

Uanachama usiununue siku ya kwanza. Chukua ada ya mwezi uigawe kwa kiingilio cha siku. Jibu ndilo idadi ya safari unazopaswa kwenda kila mwezi ili usipate hasara. Ukiona ni tano na wewe unakwenda tatu, nunua kadi ya safari kumi. Uliza pia kama unaweza kusitisha kwa muda, maana kila mwenye ndugu Mombasa au Dar atasafiri mwezi mzima siku moja, na ada haitangoji arudi.

Viatu kodisha mara tano au sita za mwanzo, ujue kipimo chako. Ukienda kununua, nenda jioni, miguu ikiwa imetanuka, na usivae soksi. Kidole gumba kiguse mbele na kujikunja kidogo. Ukihisi maumivu ya kuchoma dukani, usimsikilize anayekwambia ndivyo inavyotakiwa; chukua namba inayofuata. Kiatu cha kwanza kiwe bapa chini, chenye mpira mnene, kwa sababu miezi ya mwanzo utakuwa ukiburuta miguu ukutani, na mpira mwembamba utatoboka mbele, palepale penye kidole gumba.