Gixen: kuvizia mnada wa eBay ukiwa umelala Kisumu

Wauzaji wengi wa Marekani hupenda minada yao ya eBay ifungwe Jumapili jioni, wanunuzi wa kwao wakiwa nyumbani. Saa kumi na mbili jioni ya California ni saa kumi alfajiri ya Jumatatu hapa Kisumu. Kuanzia Novemba hadi Machi, huko wakisharudisha saa nyuma, inakuwa saa kumi na moja. Mpiga picha wa Kondele anayetaka lenzi kuukuu ya Canon ana njia mbili: akeshe akiomba stima isipotee, ama aiachie Gixen, tovuti inayovizia kwa niaba yako, yaani inakuwekea dau sekunde za mwisho kabla mnada haujafungwa.

Unaiandikia namba ya bidhaa, kiwango chako cha juu, na sekunde zitakazokuwa zimebaki dau likiingia. Dau hutoka kwenye seva yao, hata kama simu yako imezima na bando limeisha. Huduma ya bure inatosha kwa vitu vya kawaida. Ya kulipia huongeza seva ya pili inayopeleka dau hilohilo ikiwa ya kwanza imekwama, na inafaa tu unapofuata kitu adimu.

Kuvizia kunawezekana kwa sababu kwa kawaida eBay hufunga mnada kwa saa iliyotangazwa, bila nyongeza. Amazon ilipokuwa na minada yake ilisogeza muda kila dau lilipoingia katika dakika kumi za mwisho, na uchunguzi wa wanauchumi Roth na Ockenfels uliotoka 2002 ulionyesha kwamba huko watu hawakuvizia sana kama eBay.

Ila usiidai Gixen miujiza. Aliyeweka kiwango kikubwa kuliko chako atakushinda hata kama aliweka siku sita nyuma na kulala, maana mfumo wa eBay unampandishia dau wenyewe hadi kufikia kiwango hicho. Tuseme bei inaonyesha dola 61, na mtu amekwisha kuweka kiwango cha siri cha 80. Wewe ukivizia kwa 86.37, unachukua kwa 81, kwa kuwa kati ya dola 25 na 99.99 hatua ya kupandisha dau ni dola moja. Ukivizia kwa 80 kamili umekosa: madau yakilingana, la kwanza kuingia hushinda, na mviziaji daima ni wa mwisho. Ndiyo maana ya zile senti 37. Anayeumizwa hasa na kuvizia ni yule anayepandisha dola mbili mbili kila akipitwa, kwa sababu hapati nafasi ya kujibu. Nawe vilevile unakingwa na hasira ya dakika ya mwisho, na huenda hiyo ndiyo faida kubwa zaidi.

Baadhi ya madau hukwama kwa anwani. Muuzaji asiyetuma Kenya anaweza kuwazuia wanunuzi wa huku, na dau likakataliwa sekunde ya mwisho. Weka anwani ya wakala wako wa mizigo wa Marekani iwe ya kwanza kwenye akaunti mapema. Wakala aliye Delaware au Oregon anakuepushia kodi ya mauzo, ambayo majimbo hayo hayatozi. Kabla ya kupanga kiwango, toa kwenye bajeti yako nauli ya wakala, ushuru na VAT ya asilimia 16; kinachobaki ndicho dau lako.

Kasoro inayonikera ni kwamba Gixen inataka nywila yako ya eBay. Tumia nywila usiyoitumia popote pengine, na ujue kwamba eBay ikidai msimbo wa uthibitisho kwa SMS, dau halitaingia. Vilevile, bei ikishapita kiwango chako kabla ya wakati, Gixen haiweki kitu. Kama muuzaji ana bei ya chini ya siri na hujaifikia, unaongoza bure. Kuna lenzi tatu zinazofanana? Zipange kundi moja, ukishinda moja nyingine zinafutwa.

Ukishinda una siku nne za kulipa. Kadi ya M-PESA GlobalPay inakubalika, lakini tarakimu zake za siri (CVV) zina muda wake, kwa hiyo ziombe ukiwa tayari kwenye ukurasa wa malipo.

Mnada unaofungwa saa tatu usiku hauhitaji Gixen. Fungua ukurasa kwenye kompyuta, andika kiwango mapema, fika hadi kitufe cha kuthibitisha, kisha bonyeza zikibaki sekunde nane. Chini ya hapo, data ya simu ya Kisumu ikisuasua kidogo tu, umechelewa.