Kozi ya Linux "kwa vitendo" hapa Kigoma: hela yangu imeliwa

Kituo sikitaji, ila wa Mwanga mtakijua. Bango lao liliandikwa LINUX KWA VITENDO, WANAOANZA KARIBUNI. Linux ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, unatumika badala ya Windows. Mimi nina duka la fotokopi, wateja wanakuja na flashi zimejaa virusi vya Windows, nikaona dawa ndiyo hii. Nikalipa ada yote kwa mkupuo.

Jamani, vitendo vyenyewe ni kunakili ubaoni! Andika: ls huorodhesha mafaili, cd hukuhamisha folda, pwd hukuonyesha ulipo. Andika: mwanzilishi wa Linux ni Linus Torvalds, Finland, 1991. Kompyuta zipo, zimefunikwa vitambaa kama makochi ya kusubiri wageni.

Siku tuliyoruhusiwa kuzigusa, tumebanana kwenye mashine moja, nikaandika man ls. Mwalimu mwenyewe ndiye alituandikisha kwamba man ni amri ya kuuliza maelezo ya amri nyingine. Maelezo yakajaa skrini nzima. Akapita nyuma yangu.

"Wewe dada, umefanya nini hapa?"

Akaninyang'anya kibodi. Akagonga Enter, maandishi yakapanda mstari mmoja. Akagonga tena, ukapanda mwingine. Jasho linamtoka. Nikamwambia kwa adabu, mwalimu, hapo chini pameandikwa ubonyeze q kutoka.

"Hapa mwalimu ni nani?"

Akachomoa waya ukutani! Kompyuta ikazimika pu, na akatangaza mbele ya darasa kwamba ikigoma kuwaka nitailipa mimi. Kwa sababu ya herufi moja! Mtu anapokea ada zetu, mstari wa chini wa skrini hausomi. Nimeomba nirudishiwe hela, naambiwa mhasibu kasafiri. Mpaka leo kasafiri.

Sawa, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: walitugawia flashi yenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux. Hiyo nimeipenda kupita kiasi. Unaichomeka, unawasha huku unabonyeza F12 (hiyo ni Dell yangu, HP ya jirani ni F9), unachagua kujaribu badala ya kuiweka, basi. Windows yako haiguswi. Ukivuruga, unazima, unawasha, unakuta kila kitu kama kilivyokuwa. Ubaya ni kwamba na barua uliyochapa humo inakwenda na maji, uihifadhi kwenye flashi nyingine kabla ya kuzima. Nikishafunga duka najifungia nayo: naunda folda, nafuta, naita man, natoka kwa q. Natoka kwa q kwa raha zangu!

Kwa hiyo nyota moja. Mbili, kwa ajili ya flashi. Lakini Ubuntu ni ya bure tangu ilipotoka 2004, wao wamenifanyia nini? Ila faili lake siku hizi linapita GB 5, na kwa bando ninalonunua mimi ningelia. Haya, mbili. Yule mwalimu hana hata nusu, na mhasibu akirudi safari aniambie.