Mke na mume kupunguzwa tumbo Dar: huduma tuliyoipata

Wanaoniuliza dukani huanza na swali moja: "Nyie mlikwenda pamoja kweli?" Ndiyo, mimi na mume wangu tulifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo ili uzito ushuke, hospitali moja ya binafsi Dar es Salaam, daktari mmoja. Jina la hospitali siliandiki, maana nina ya kuisifu na nina ya kuilalamikia, na anayetaka kwenda anahitaji zaidi kujua aulize nini. Mimi ni mshoni, cherehani zangu ziko Mwanakwerekwe, Unguja. Miili ya watu naipitisha kwenye futi kila siku, kwa hiyo msishangae nikizungumza kwa vipimo.

Ninalotaka kusema nalitanguliza. Mkiwa mke na mume na nyote mnahitaji, nendeni nyote, lakini msikubali kulazwa siku moja.

Ofisi ya hospitali ilitaka hivyo tangu simu ya kwanza. Wana chumba cha vitanda viwili, wana punguzo kwa wanandoa, na dada wa mapokezi anavyokisifu hicho chumba utadhani anakuuzia fungate. Nikamuuliza: siku ya pili baada ya kisu, nani atamshika mwenziwe kumpeleka chooni? Akajibu, "Manesi wapo, mama." Wapo, sikatai. Lakini usiku nesi mmoja ana wodi nzima. Tukakataa. Mume wangu akatangulia, mimi nikafuata wiki kadhaa baadaye, yeye ameshapata nguvu ya kubeba kikapu na kukaa macho. Punguzo likatupita, na likapita na salama yake.

Daktari ndiye wa kusifiwa. Karatasi za ofisini zilikuwa zimeshaandikwa upasuaji wa aina moja kwa wote wawili, kana kwamba tumeagiza sare. Yeye akaziweka pembeni, akatuona mmoja mmoja. Mimi kilo 118, urefu sentimita 162. Mume wangu kilo 131, urefu sentimita 170. Ukichukua kilo ukagawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, kipimo wanachokiita BMI, wote tunafika kwenye 45 hivi. Kwa miaka mingi mpaka wa upasuaji ulikuwa 40, au 35 kwa mwenye maradhi kama sukari na presha. Miongozo ya kimataifa ya 2022 imeushusha mpaka huo hadi 35 hata kwa asiye na maradhi. Sisi tulikuwa ndani kwa hesabu zote mbili. Mambo mengine lakini hayakufanana. Mume wangu ana sukari ya miaka, na kiungulia kinachomwamsha usiku. Mimi nina presha na magoti. Tulipomezeshwa kamera na kupimwa bakteria wa vidonda vya tumbo, daktari akaamua: mimi tumbo likatwe, yeye lipitwe.

Langu ni rahisi kulieleza kwa mtu wa cherehani. Ni kama gauni unalolipunguza ubavuni: unatoa pande lote la nje, unapiga mshono mmoja mrefu, kinabaki kipande chembamba. Asilimia 75 hadi 80 ya tumbo la chakula hutoka moja kwa moja, hairudi. Na katika lile pande linalotoka ndimo inamotengenezwa kwa wingi homoni ya njaa, ghrelin, ndiyo maana wiki za mwanzo unapita kwenye harufu ya pilau na moyo hauendi huko. La mume wangu ni kazi zaidi. Wanatenga kifuko kidogo juu ya tumbo, cha mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vya chakula, kisha wanakiunga na utumbo mwembamba chini zaidi, chakula kikawa hakipiti tena kwenye tumbo kubwa wala mwanzo wa utumbo. Kwa mwenye sukari njia hii ina nguvu, na kwa mwenye kiungulia ni salama zaidi, kwa sababu upasuaji kama wangu unaweza kukizidisha. Yote mawili hufanywa kwa matundu madogo na kamera, chini ya nusukaputi.

Hapo mtu aone kwa nini sipendi maneno ya "kifurushi cha wanandoa". Ndoa moja, matumbo mawili.

Kabla ya kisu kuna wiki mbili za kula kidogo sana, wanga kidogo, mafuta kidogo, ili ini lenye mafuta lisinyae. Upande wa kushoto wa ini umefunika tumbo, likiwa kubwa daktari hana nafasi. Hizi wiki ndizo tulizofaidi kuwa wawili. Nyumba nzima sufuria ya wali ilikaa kabatini, watoto wakala kwa bibi yao. Mavyaa wangu hakulipenda jambo hili hata kidogo. "Mwanangu, mgeni akija hapa ale nini?" Nikamwambia, "Mama, mgeni atakunywa chai." Akanuna mpaka Ijumaa.

Mtaalamu wa lishe wa hospitali namtolea alama ya chini, na si kwa ubaya wake. Karatasi yake nzuri, ina rangi, lakini chakula chake sijui kinaliwa wapi. Brokoli, samaki wa salmoni, mtindi wa Kigiriki, unga wa protini wa kopo ambao, ajabu, unauzwa pale pale duka la hospitali. Hakuna pweza, hakuna changu, hakuna dagaa, hakuna choroko. Nilipomuuliza kuhusu mchuzi wa nazi alisema, "Nazi acheni tu." Mpemba mimi niache nazi! Nilikwenda kwa daktari mwenyewe akanipa hesabu badala ya marufuku: protini gramu 60 hadi 80 kwa siku, ianze protini kabla ya kitu kingine, tui liwe jepesi. Yai moja lina gramu 6 hivi. Kwa hesabu hiyo nikapanga mwenyewe: wiki za mwanzo supu ya samaki iliyochujwa, kisha mtindi na choroko zilizosagwa, kisha samaki wa kuchemsha aliyepondwa, na pweza mwishoni kabisa, maana pweza hata kwa mwenye tumbo zima anahitaji meno. Karatasi ile nimewapa wengine ikiwa na masahihisho yangu ya kalamu.

Wodi ilikuwa safi, manesi wapole. Usiku wa kwanza mume wangu hakulalamikia tumbo, alilalamikia bega. Ni ile hewa wanayojazia tumboni ili kamera ione. Inabaki kidogo na maumivu yake hupanda begani. Hakuna aliyetuambia kabla, na mimi nilishaanza kuwaza moyo. Zamu yangu ilipofika nilijua, nikatembea korido mpaka ikapungua. Wanakuinua siku hiyo hiyo, wanakuchoma sindano za tumboni za kuzuia damu kuganda, na maji unapewa kwenye kile kikombe kidogo cha dawa, unaonja, unangoja, unaonja. Mume wangu alikaa nami na saa mkononi, kila dakika chache: "Haya, kunywa kidogo." Alikuwa ameshayapitia, hakuwa na huruma ya ovyo. Tungelala wote siku moja, huyo mtu nisingekuwa naye.

Boti ya kurudi Unguja nayo ina lake. Huwa ni karibu saa mbili tu mpaka bandarini Malindi, mjini Unguja, lakini kusi likivuma, kuanzia Juni hadi Septemba hivi, nyote mnajua watu wanavyopokezana mifuko. Kutapika na mshono mbichi tumboni si jambo la mchezo. Tulikaa kwa wifi yangu Magomeni mpaka daktari alipotuona tena, ndipo tukavuka, na ndani ya boti alitutaka tuinuke na kutembea, kwa ajili ya ile damu kuganda. Mwenye uwezo wa ndege apande ndege.

Baada ya hapo ndipo ilipoanza kazi ambayo hospitali haina chumba chake. Wanaume hupungua haraka, na mume wangu alikuwa mzito kuliko mimi. Kila tulipopanda mzani yeye ameshuka zaidi. Hakusema kitu, lakini alikuwa anaimba bafuni. Nikautoa mzani nyumbani, nikaupeleka kwa mavyaa. Mimi nikabaki na futi yangu: kiuno, nyonga, mkono wa juu. Futi ilinionyesha mabadiliko wiki ambazo mzani ulisimama. Wanandoa mkienda, kila mmoja awe na kipimo chake na daftari lake, asifungue la mwenziwe.

Halafu kuna habari ya halua. Tulialikwa harusi Wete, Pemba, na halua ya Wete haihitaji sifa yangu. Mume wangu akala kipande kisichozidi kidole gumba, na kahawa juu yake. Haikupita nusu saa jasho linamtoka, moyo unamwenda mbio, tumbo linamkata, akalazwa kwenye mkeka chumba cha wanaume, wazee wakaanza kusoma. Ndilo linalowapata waliofanyiwa kama yeye: sukari inashuka kwa kasi kwenye utumbo, mwili unaingiwa na taharuki. Alipopata nafuu aliapa. Mimi nilikula kipande kile kile na sikupata lolote, na hilo ndilo linalonitisha zaidi. Tumbo langu haliadhibu. Halua, juisi, barafu za maziwa, vinateremka vizuri tu, na uzito unaweza kurudi kwa njia hiyo hiyo. Yeye ana askari mlangoni, mimi hapana. Tukapatana: vitu vitamu haviingii nyumbani, na anayetaka aende akale kwao.

Sukari yake imeteremka vizuri, alhamdulillahi. Daktari alianza kumpunguzia vidonge mapema, kilo zenyewe hazijashuka sana. Kukoroma kumekwisha, na nilikuwa nimekuzoea hata mwanzo nikawa naamka kusikiliza kama anapumua.

Ufuatiliaji wa hospitali ni dhaifu, na hapa ofisi inapata alama mbaya kuliko mtaalamu wa lishe. Kabla ya kulipa simu hupokelewa mara moja. Baada ya kulipa unaambiwa "tutakupigia". Nywele zilipoanza kunitoka mwezi wa nne hivi nilipiga mpaka nikachoka. Kumbe ni kawaida kwa anayepungua haraka, hutokea miezi mitatu hadi sita baada ya kisu na nyingi hurudi, ila protini na madini ya chuma yasipungue. Mtandio ulinistiri. Lakini mtu wa kunijibu hilo kwa dakika mbili nilistahili kuwa naye. La hatari zaidi ni la mume wangu: mgongo ulimuuma, akaenda duka la dawa, akapewa diklofenaki kama anavyopewa kila mtu. Aliyefanyiwa upasuaji wa aina yake hatakiwi kabisa diklofenaki wala ibuprofeni, huleta vidonda pale palipoungwa. Katika karatasi za kutoka wodini lilikuwepo, ukurasa wa mwisho, kwa Kiingereza, herufi ndogo. Niliona ndani ya pakiti kabla hajameza. Jambo kama hilo liandikwe kwa Kiswahili, juu, kwa wino mwekundu.

Ngozi inalegea, tusidanganyane. Mikono yangu ya juu nimeishonea mikono mirefu, na biashara ya kupunguza kanzu na magauni imeongezeka, ya nyumbani kwanza. Ramadhani ya kwanza hatukufunga, daktari alikataza, kwa sababu maji tunayanywa kidogo kidogo mchana kutwa na hatuwezi kuyafidia usiku. Tunalipa taratibu. Futari sasa ni kijisahani cha mihogo ya nazi cha watu wawili, na maji hayanywewi na chakula, unangoja nusu saa. Wageni bado wanadhani tunawaonea haya.

Bei siiandiki, kwani tuliyoambiwa sisi na waliyoambiwa wenzetu hayalingani. Takeni bei kwa maandishi, na muulize imo kamera ya tumbo au haimo, vimo vipimo vya moyo na usingizi au havimo, na ikitokea mshono umevuja ukarudishwa chumba cha upasuaji nani analipa. Hilo la mwisho dada wa mapokezi hakulipenda. Ulizeni tu. Ulizeni pia daktari amefanya wangapi wa aina hiyo, na mwanamke aulize habari ya mimba, maana hutakiwa kusubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na mwili ukipungua mimba huja kwa urahisi kuliko ulivyozoea.

Kwa jumla: daktari nyota tano, wodi nne, lishe mbili, ofisi moja, na hiyo moja ni ya chai waliyotupa. Vitamini ni za maisha, B12, chuma, kalsiamu na D, na chuma na kalsiamu zisimezwe pamoja, ziachane saa mbili. Si lazima kuzinunua kwao. Vipimo vya damu vya ufuatiliaji tunavifanya hapa hapa Unguja, mimi mwezi wangu, yeye mwezi wake, na majibu tunampelekea daktari kwa simu yake mwenyewe, ambayo tuliiomba kabla ya kutoka wodini. Iombeni na nyie.