Mtungi wa kununua au gesi ya mita? Ninavyozipanga

Mtungi wa gesi ulioko jikoni si wako kama sufuria zilivyo zako. Ukinunua wa Oryx, Taifa Gas au Lake Gas, unachomiliki hasa ni haki ya kupeleka mtupu na kurudi na uliojaa wa nembo hiyohiyo. Unaorudi nao ni mwingine kabisa, pengine una kutu kuliko ule uliouacha. Majirani zetu Kenya walikuwa wakibadilishana nembo yoyote kwa yoyote, mpaka kanuni za 2019 zilipoufuta utaratibu huo.

Kwa hiyo chagua muuzaji kabla ya kuchagua mtungi. Pita mtaani kwako uone wakala wako wangapi, wana nembo gani, na nani anafunga saa kumi na mbili jioni. Nembo ya bei poa iliyoko Kariakoo tu itakula nauli ya bodaboda kila mwezi.

Ninayoiweka ya kwanza, kwa nyumba yenye watu wanne na kuendelea, ni mtungi wa kilo 15 pamoja na mdogo wa kilo 6 wa akiba, yote nembo moja. Mkubwa kwa kawaida unashusha bei ya kilo. Gawanya mwenyewe: tuseme wa kilo 6 unajazwa kwa 24,000 na wa kilo 15 kwa 57,000, basi kilo moja ni 4,000 kwa mdogo na 3,800 kwa mkubwa. Tofauti si kubwa kama watu wanavyodhani. Faida yenyewe ni ile akiba, maana gesi haiagi. Inakwisha saa mbili usiku wali ukiwa haujakauka, na hapo ule mdogo unaokoa nyumba. Kasoro ni mtaji wa kuanzia, maana kuna mitungi miwili, regulata inayokaa kwenye mdomo wa mtungi, mpira wa kupitisha gesi na jiko la pleti mbili. Halafu uzito: mkubwa ukijaa unafika kama kilo 30, na vijana wa bodaboda wengi wanaishia getini. Anayekaa ghorofa ya tatu alijue hilo mapema. Regulata nazo hazifanani, kwa hiyo piga picha kichwa cha mtungi wako uende nayo dukani. Mpira usinunue wa bei ya chini kuliko yote.

Ya pili ni wa kilo 6 peke yake, kichomeo kikifungwa juu yake. Kwa mtu wa chumba kimoja, hakuna kuanza kwa bei nafuu zaidi ya hapo, na kama mitungi ya ruzuku ya REA, Wakala wa Nishati Vijijini, imefika wilayani kwenu, ni nafuu zaidi. Ila usibandike sufuria la makande ya watu kumi pale juu. Linayumba, na mtoto akipita mbio limemwagika.

Gesi ya mita naiweka ya tatu, na najua nitabishiwa. Hii ndiyo kukodi hasa: kampuni inakuletea mtungi wake wenye mita, unalipa kwa simu kiasi ulichonacho, mita inafungua, salio likiisha inafunga. Mtungi ukikaribia kwisha wao wanaona na wanaleta mwingine. Teknolojia yake ilikuzwa hapahapa Dar na KopaGas, kabla ya Circle Gas kuinunua mwaka 2020; Kenya wanaijua kwa jina la M-Gas. Kwa mwenye kipato cha siku kwa siku, aliyezoea kununua mkaa wa kopo, ni mkombozi wa kweli, na kama ndiyo hali yako ipandishe iwe ya kwanza. Lakini kabla ya kusaini uliza bei ya kilo moja, si ya siku moja. Uliza kama ulichotoa mwanzoni kinarudi ukiacha huduma. Uliza itakuwaje ukihamia mtaa ambao hawafiki, kwa sababu wapangaji tunahama. Na uliza nani anapokea simu Jumapili. Kwa mtungi wako, gesi ikiisha unavaa kandambili unakwenda kwa Mangi. Kwa wa mita unamsubiri mwenye mtungi.

Ya mwisho ni mtungi wa mkononi, kutoka kwa jirani anayehama. Nunua kwa sharti moja tu: mwende naye mpaka kwa wakala, wakala aukubali kuubadilisha, ndipo utoe hela.

Sasa muuzaji mwenyewe. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, inamtaka awe na mizani, na wewe huna haja ya kuona haya kuidai. Kila mtungi umechapwa shingoni uzito wake ukiwa mtupu. Mwaka jana nilipewa wa kilo 6 wenye namba 7.4, sili haijaguswa. Ukijaa ulitakiwa kusoma 13.4. Ukasoma 12.7.

"Dada, hiyo mizani inazinguaga," kijana akaniambia.

"Basi nipimie mwingine, kaka."

Wa pili ulikuwa umechapwa 7.1, ukasoma 13.1. Mizani ileile. Hakusema neno, na mimi sikusema, nikabeba huo wa pili. Gramu 700 kwa hesabu yetu ya juu ni shilingi 2,800, na ndiyo maana siamini sili peke yake. Tangu siku hiyo mizani huletwa kabla sijaomba.

Mwambie pia akuonyeshe kile kiringi cha mpira ndani ya mdomo wa valvu. Kikiwa kimepasuka au hakipo, gesi itavuja hata ukikaza regulata mpaka vidole viume. Ukifika nyumbani paka povu la sabuni kwenye maungio, ufungue gesi bila kuwasha kitu: penye mapovu yanayokua pana uvujaji. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatulia chini sakafuni, kwa hiyo dirisha peke yake halitoshi. Ukisikia ile harufu yake, funga mtungi, usiguse swichi, fungua mlango.