Santre ya usiku hapa Majengo: walimuvua mtoto nguo zote kabla ya kuuliza pesa

Nyota nne kwa tano kwa santre hii ya afya hapa Goma, waliomuokoa binti yangu na kijidudu kilichoingia kwenye damu. Ile moja iliyobaki nitaieleza mbele.

Binti yangu ana miaka mitatu na nusu. Jumamosi mchana alicheza vizuri kabisa na wenzake, kufika saa kumi na moja jioni homa ikapanda, akatapika mara mbili, akasema miguu inamuuma mpaka akakataa kutembea. Mi nikasema malaria, kama kila mama wa Goma. Nikapita famasi ya karibu, wakanipa dawa ya malaria na parasetamoli bila mtu kumuangalia mtoto hata usoni. Siwezi kuwalaumu sana juu hata mimi mwenyewe njo niliomba hiyo dawa. Ila kitu kimoja kilinisumbua: kichwa na tumbo moto sana, lakini mikono na miguu baridi kama ametoka kuchota maji Kituku asubuhi mapema.

Saa saba ya usiku namuamsha anywe maji, hafungui macho vizuri, analia kidogo kisha ananyamaza. Mama mkwe wangu alikuwa ameona vidoa viwili kwenye paja akasema ni karuho (sumu ya kulogwa), kesho twende kwa mzee mmoja anaitoa. Papa wa mtoto akakataa, tukapanda moto (pikipiki) wote watatu, tukaenda.

Sasa sikieni walivyotupokea. Infirmiye (muuguzi) wa zamu hakuuliza fishi ya mgonjwa, hakuuliza pesa, alisema tu, "Mama, mvue nguo zote." Akamulika na simu mwili mzima, nyayo, viganja, akageuza mpaka kope za ndani ya macho na kuangalia ndani ya kinywa. Alinieleza huku anafanya kazi, kwamba kwenye ngozi yetu nyeusi vidoa vinajificha, sehemu hizo za rangi nyepesi njo zinasema ukweli mapema. Vilikuwa vitano sasa, rangi ya zambarau, vidogo kama mtu amechoma na sindano. Akabana glasi juu ya kile cha pajani: kikabaki vile vile. Akasema kidoa cha homa ya kawaida kinapotea ukikibana, hiki hakipotei juu ni damu imetoka kwenye mishipa midogo. Halafu akabonyeza kifua kwa kidole, akahesabu sekunde ngapi rangi inarudi, na ilichelewa, yani damu haizunguki vizuri. Apo akamuita munganga (daktari) kwa sauti kubwa.

Tesiti ya malaria ilitoka pozitifu. Wallai hapa njo nawapa heshima yangu yote, juu mahali pengine wangesimama hapo hapo, kinini na nenda nyumbani. Munganga alisema mtoto anaweza kuwa na vijidudu vya malaria kwenye damu na bado ugonjwa unaomuua ukawa mwingine, tutatibu vyote viwili. Wakampima kilo, 14, wakatoa damu kidogo ya laboratwari, wakamchoma seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, kwenye mshipa, miligramu 100 kwa kila kilo, yani gramu moja na nusu kasoro kidogo. Kutoka mlangoni mpaka sindano haikufika dakika ishirini. Hawakungoja majibu ya laboratwari. Sukari walipima pia, ilikuwa chini, wakampa glukozi.

Niliuliza mbona serumu (maji ya mshipa) inatiririka polepole hivi na mtoto anakufa. Munganga hakukasirika. Alisema kuna utafiti mkubwa ulifanyika Uganda, Kenya na Tanzania, ukatoka mwaka 2011, ulionyesha watoto wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri waliomiminiwa serumu nyingi kwa haraka walikufa zaidi kuliko wale ambao hawakumiminiwa. Kwa hiyo wanapima kidogo kidogo, wanasikiliza mapafu, wanaangalia tena. Maji ya mgongo ya kupima hawakutoa usiku ule, alisema mtoto akiwa hali hii ni hatari, sindano kwanza.

Jina la kijidudu ni meningokoki. Mi nilijua tu ile ya kukaza shingo, menenjiti, na shingo ya mtoto ilikuwa laini kabisa. Kumbe kikiingia kwenye damu kinaweza kuua kwa masaa machache bila shingo kukaza. Ni familia moja na ile ya mlipuko wa menenjiti wa Banalia kule Tshopo mwaka 2021, tuliisikia redioni tukadhani ni mambo ya mbali.

Nyota iliyotoka: umeme ulikatika saa tisa, mashine ya oksijeni ikazima, grupu (jenereta) ilichukua dakika kama kumi kuwaka. Dakika kumi, mtoto anahema vile! Jamani wekeni chupa ya oksijeni pembeni, nawaomba kama mzazi. Na ukutani kwenu kuna mabango ya malaria tu, la vidoa na glasi hakuna.

Asubuhi saa kumi na mbili walitutuma hospitali kubwa, infirmiye akapanda nasi gari mpaka ndani, na barua yenye saa ya sindano. Sisi watu wazima wa nyumbani tulipewa kidonge kimoja kimoja cha siprofloksasini cha kutukinga, mdogo wake mtoto akapewa dawa yake, juu tunalala chumba kimoja. Deni tulilipa siku ya nne.

Mtoto amerudi nyumbani, kidole kimoja cha mguu kina kovu, na tumeambiwa apimwe masikio ndani ya wiki nne.

Mkifika usiku msisimame kwa lango kubwa, linafungwa. Zungukeni nyuma kwenye mlango wa bluu, gongeni kwa nguvu, semeni tangu mlangoni mtoto ana homa na vidoa.